Maisha ya Baden-Powell, Aliyewafundisha Vijana Porini

Mwezi huu twapenda kuwapa habari za mtu ambaye jina lake lajulikana karibu katika nchi zote za dunia, na kaburi lake halipo mbali nasi. Liko Nyeri, katika nchi ya Kenya, mahali paelekeapo Mlima Kenya. Mtu huyo ni Robert Baden-Powell, aliyeanzisha chama cha maskauti.

Sababu ya kuyaeleza maisha yake ni hii. Katika sharika zetu za Kahama, tangu Nyasubi hata pande za Bulyanhulu, wazazi huulizana neno moja kila mara mwalimu atakapo kuwatoa wanafunzi wa sekondari darasani na kuwapeleka porini siku mbili tatu, wakalale katika mahema, wakapike wenyewe, wakajifunze miti na mawe na nyota. Wazazi wengine husema, Hii si elimu, bali ni michezo, tena mtihani unakaribia. Wengine husema, Sisi tulichunga ng'ombe utoto wetu wote ili watoto wetu wasirudi porini. Kwa nini sasa tulipe mchango wapelekwe huko huko? Na wengine waogopa maji, na nyoka, na mambo yawezayo kuwapata binti zao. Maneno haya si ya kudharauliwa. Basi tumeona vema kuyatazama maisha ya mtu aliyelifanya jambo hili kuwa kazi yake, tupate kuona lililo jema na lililo baya, kisha kila mzazi aamue akiwa na maarifa.

Baden-Powell alizaliwa London, tarehe 22 Februari mwaka 1857. Baba yake alikuwa kasisi wa Kanisa la Kiingereza, tena mwalimu mkuu wa hesabu za maumbo katika chuo cha Oxford. Baba wa ubatizo wa mtoto alikuwa Robert Stephenson, fundi mashuhuri wa njia za reli, na ndiyo maana mtoto aliitwa Robert Stephenson. Lakini mwaka 1860, mtoto alipokuwa na miaka mitatu tu, baba yake akafariki dunia. Mama yake, Henrietta, akaachwa mjane mwenye watoto wengi wadogo. Mama huyu alikuwa mtu wa moyo mkuu. Hakuwafungia watoto wake nyumbani kwa hofu, bali aliwaacha watembee, wajue mimea na wanyama, na kaka yao mkubwa Warington akawachukua katika safari za mashua. Huko kila mtoto alikuwa na kazi yake, na mvivu hakupata raha. Twaona hapa kwamba mwalimu wa kwanza wa habari hizi alikuwa mama mjane, wala si jemadari.

Mwaka 1870 kijana akaingia shule ya Charterhouse, kwa msaada wa ada aliopewa. Miaka miwili baadaye shule ile ikahamishwa kutoka London ikapelekwa mashambani, karibu na Godalming, na kando ya shule palikuwa na kichaka kikubwa. Wanafunzi hawakuruhusiwa kuingia humo. Lakini yeye alikuwa akijipenyeza kwa siri, akatega sungura, akawapika kwa moto usio na moshi ili walimu wasimwone. Akajifunza kunyamaza, kutambaa, kusoma nyayo, na kukaa juu ya mti walimu wakipita chini yake. Hatusemi kwamba kuvunja amri ya shule ni kuzuri. Wanafunzi wasomao habari hii wasije wakajitetea kwayo. Lakini jambo moja ni kweli. Darasani hakuwa mwanafunzi wa sifa, na alipotaka kuingia chuo cha Oxford hakukubaliwa. Yale aliyojifunza kichakani ndiyo yaliyomfaa maisha yake yote. Alipokuwa mzee akakumbuka kwamba kilichomjenga kilikuwa kitu ambacho shule ilikikataza. Kwa hiyo akataka kukifanya kiwe halali kwa watoto wote, tena kiwe chini ya uangalizi.

Mwaka 1876 akafanya mtihani wa jeshi, akafaulu vizuri sana, akatumwa India kuwa ofisa katika kikosi cha wapanda farasi. Huko akaona kwamba askari wengi walijua kutii amri tu, lakini mmoja wao akiachwa peke yake usiku hajui aende wapi. Basi akaanza kuwafundisha kwa namna nyingine, akiwagawa katika makundi madogo, akawapa kazi za kufikiri wenyewe: kufuata alama, kutazama nyota, kukumbuka waliyoyaona njiani. Mafundisho hayo akayaandika katika kitabu kidogo kilichotoka mwaka 1899.

Sasa imetupasa kueleza sehemu ya maisha yake ambayo sisi Waafrika hatuwezi kuipita tukiwa tumefumba macho. Mtu huyu alikuja barani kwetu kwanza na bunduki, na kitabu chake kilifuata baadaye. Katika mwaka 1895 na 1896 alikuwa katika safari ya vita ya Waingereza juu ya Waashanti, na mfalme wao Prempeh akakamatwa, akapelekwa uhamishoni, asirudi kwao hata mwaka 1924. Mwaka ule ule wa 1896 akatumwa kupigana na Wandebele, katika nchi iitwayo Zimbabwe leo, waliokuwa wameinuka kuitetea nchi yao. Huko kwenye vilima vya Matobo alijifunza mengi ya porini, mengine kutoka kwa Mmarekani mmoja, Frederick Russell Burnham, aliyekuwa hodari wa kufuata nyayo.

Lakini huko huko likatokea jambo la Uwini. Uwini alikuwa mkuu mmoja wa upande ule, akakamatwa akiwa amejeruhiwa. Baden-Powell akamweka mbele ya baraza la askari, akahukumiwa kufa, akapigwa risasi. Ilisemwa kwamba mtu huyu alikuwa ameahidiwa uhai wake. Wakubwa wa serikali yake mwenyewe wakataka jambo lichunguzwe, na baraza la uchunguzi likamwachilia Baden-Powell. Baraza la wanadamu lilimwachilia; sisi hatuketi katika kiti cha hukumu, maana Mmoja tu ndiye Hakimu. Lakini jina la Uwini lisisahauliwe. Anayewafundisha watoto wa Afrika habari za Baden-Powell na kulificha jina la Uwini, huyo awafundisha nusu ya kweli.

Kisha ikaja vita ya Waingereza na Makaburu. Tangu tarehe 13 Oktoba mwaka 1899 hata tarehe 17 Mei mwaka 1900, siku 217, Baden-Powell alizingirwa katika mji mdogo wa Mafeking, katika Afrika ya Kusini. Aliushika mji ule kwa werevu mwingi, na Uingereza nzima ikafurahi mno ulipookolewa, naye akawa shujaa wa taifa. Lakini mji haukuokolewa na Wazungu peke yao. Warolong, wenyeji wa mahali pale, walipigana pamoja naye, wakapeleka barua usiku katikati ya adui, wakaleta ng'ombe. Na chakula kilipopungua, fungu la Waafrika lilikuwa dogo kuliko la Wazungu, na wengi wao walikufa kwa njaa. Waandishi wa historia wabishana hata leo ni kiasi gani kosa hili ni lake. Sisi twasema hivi tu, ya kuwa nyimbo za furaha zilizoimbwa London hazikuwataja wale waliozikwa bila sanduku nje ya mji.

Katika mji ule ule liliota jambo jema pia. Ofisa mmoja wa chini yake, Lord Edward Cecil, aliwakusanya wavulana wa mji, wengine wadogo sana, wakapewa kazi ya kupeleka habari, kulinda zamu na kuwasaidia wagonjwa. Walipita kwa baiskeli mahali palipopigwa mizinga. Baden-Powell akastaajabu. Akaona kwamba mtoto akipewa kazi ya kweli, naye akaaminiwa, huifanya kama mtu mzima, na mara nyingine kupita mtu mzima. Neno hili likamkaa moyoni.

Aliporudi Uingereza akakuta kitabu chake cha askari kinasomwa na walimu na vijana. Jambo hilo lilimshangaza, maana hakukiandika kwa ajili yao. Wakati huo alikuwako William Smith, aliyekuwa ameanzisha mwaka 1883 katika mji wa Glasgow chama cha Kikristo cha wavulana. Huyo akamshauri akiandike upya kitabu kile kwa ajili ya vijana, mambo ya vita yaondolewe. Baden-Powell hakuandika mara moja. Kwanza alitaka kuona kwa macho kama jambo lenyewe lawezekana.

Basi tarehe 1 Agosti mwaka 1907 akawachukua wavulana wapatao 20 mpaka kisiwa cha Brownsea, katika bandari ya Poole, kusini mwa Uingereza. Wakakaa huko wiki moja na zaidi kidogo. Nasi twaomba wazazi na walimu wayaangalie sana mambo ya kambi hii, kwa kuwa karibu kila safari ya wanafunzi ifanywayo leo imechukua kitu kutoka hapo.

Jambo la kwanza, aliwachanganya. Nusu yao walikuwa watoto wa matajiri, kutoka shule kubwa kama Eton na Harrow. Nusu nyingine walikuwa watoto wa wafanya kazi, wa miji ya Poole na Bournemouth. Katika Uingereza ya siku zile watoto hao hawakula meza moja, wala hawakucheza pamoja. Kisiwani walilala hema moja na kuchota maji kwa ndoo moja.

Jambo la pili, mchango haukuwa sawa. Watoto wa shule kubwa walilipa pauni moja, yaani shilingi 20 za Kiingereza, na watoto wa mjini walilipa shilingi tatu na nusu. Chakula kilikuwa kimoja, na kazi ilikuwa moja. Hakuna aliyeachwa nyumbani kwa sababu ya umaskini wa baba yake. Neno hili na liwaguse wanaopanga michango katika shule zetu na katika madarasa yetu ya Kipaimara. Kahama ni mji ambao mtoto wa mwenye duka la dhahabu hukaa dawati moja na mtoto wa mama auzaye mboga. Ikiwa safari ni ya wenye fedha tu, hiyo si elimu tena, bali ni njia nyingine ya kumwonyesha maskini kwamba yeye ni maskini.

Jambo la tatu, aliwagawa katika makundi manne, yaani Mbwa-mwitu, Mafahali, Sululu na Kunguru, na kila kundi likawa na kiongozi wake, kijana mwenzao. Kiongozi alipewa madaraka ya kweli, naye aliwajibika kwa ajili ya wenzake. Jambo la nne, kila siku ilikuwa na somo lake: siku moja kujenga kambi na kufunga mafundo, siku nyingine kutazama na kufuata nyayo, siku nyingine kuokoa watu wanaokufa maji au walioungua. Jioni walikaa kuuzunguka moto, wakasimuliwa habari, na siku yao ilikuwa na maombi ndani yake. Asubuhi waliamshwa kwa baragumu la pembe ya tandala, ambalo Baden-Powell alilitoa katika nchi ya Wandebele.

Msomaji wa Afrika aisikiapo habari ya baragumu lile hukaa kimya kidogo. Pembe ile ilipigwa kwanza na watu waliokuwa wakiitana kuitetea nchi yao. Kisha ikapigwa kisiwani kuwaamsha watoto wa Kiingereza. Wala si pembe tu. Mwaka 1919, katika shamba la Gilwell, wakufunzi wa kwanza wa maskauti walipomaliza mafunzo yao, kila mmoja alipewa shanga za mti kutoka katika mkufu ambao Baden-Powell alisema ulikuwa wa Dinuzulu, mfalme wa Wazulu. Hata leo viongozi wa maskauti duniani kote, wapatapo daraja ile, huvaa shanga za namna hiyo shingoni. Na kufuata nyayo, na kusoma upepo, na kuishi porini bila kupotea, hayo aliyaona Afrika, kwa watu ambao watoto wao hujifunza mambo hayo bila kitabu. Basi mzazi asemaye kwamba safari za porini ni mambo ya Wazungu na akumbuke hili. Mengi katika hayo ni mali yetu, yaliyochukuliwa, yakavishwa nguo nyingine, yakarudishwa kwetu kama mgeni.

Mwaka 1908 kitabu chake kipya kwa vijana kikatoka sehemu sehemu, na vijana wakakinunua upesi kuliko alivyotazamia. Hawakungoja kuitwa. Wakaanza makundi yao wenyewe, kisha wakatafuta mtu mzima wa kuwaongoza. Mwezi wa Septemba mwaka 1909 wavulana wapatao 11,000 wakakusanyika London, na katikati yao wakaonekana wasichana waliokuja bila kualikwa, wakitaka nao wahesabiwe. Mwaka uliofuata kikaanzishwa chama cha wasichana, kikiongozwa kwanza na Agnes, dada yake Baden-Powell. Mwaka huo huo wa 1910 yeye mwenyewe akaacha jeshi, apate kuwatumikia vijana tu. Na mwaka huo huo maskauti wa kwanza wakaanza Nairobi, katika kanisa la Waingereza.

Mwaka 1912 ulimletea msiba na furaha. Tarehe 4 Agosti mashua iliyowachukua maskauti wa Walworth, mtaa wa wafanya kazi wa London, ilikuwa ikienda kambini Leysdown, penye mlango wa mto Thames. Upepo mkali ukaja ghafula, mashua ikapinduka, na vijana tisa wakafa maji. Waliuzwa na umaskini? Hasha, walikuwa wakienda kwenye kambi waliyoingoja mwaka mzima. Nchi yote ikaomboleza. Wazazi wanaoogopa hawaogopi kitu cha uongo. Mambo hayo yametokea. Lakini chama hakikufungwa. Watu walijifunza kwamba kupenda vijana hakutoshi. Atakaye kuwachukua watoto wa watu na ajue maji, ajue hali ya hewa, awe na watu wazima wa kutosha, tena awe na ujasiri wa kusema, Leo hatwendi. Katika nchi yetu ya Usukuma, mito hukauka na kuonekana kama njia ya mchanga, kisha mvua ikinyesha mbali maji hushuka kwa ghafula. Malambo nayo yana kina kisichoonekana. Tena mashimo ya zamani ya wachimbaji dhahabu yamefunikwa na majani. Mwalimu asiyeyakagua mahali pale kwanza kwa miguu yake mwenyewe, asipewe watoto wetu.

Mwezi wa Oktoba mwaka ule Baden-Powell akaoa. Mkewe, Olave, alikuwa mdogo sana kwake kwa umri, nao walizaliwa tarehe moja, yaani 22 Februari, miaka 32 ikiwa kati yao. Wakapata watoto watatu. Mama huyu akawa kiongozi wa wasichana ulimwenguni, akafanya kazi hiyo miaka mingi baada ya mumewe kufa.

Baada ya vita kuu ya kwanza, iliyoua vijana wengi waliokuwa maskauti, Baden-Powell akazidi kuona kwamba kazi yake ni kuwafanya vijana wa mataifa wajuane kabla hawajapewa bunduki. Mwaka 1920 wakakutana London vijana wa nchi nyingi, nao wakamtangaza kuwa skauti mkuu wa dunia. Mwaka 1929, huko Arrowe Park karibu na Liverpool, wakakusanyika wapatao 50,000. Mtu aliyeanza maisha yake kwa kufundisha askari namna ya kumvizia adui, akayamaliza kwa kuwafundisha vijana namna ya kumfanya mgeni awe ndugu. Hayo ni mageuzi makubwa.

Hata hivyo, mageuzi yale hayakufika mwisho katika siku zake. Katika Afrika ya Kusini vijana wa Kiafrika hawakuruhusiwa kuwa maskauti pamoja na Wazungu, wakawekewa chama chao chenye jina jingine. Baden-Powell alipofika huko mwaka 1936 palifanywa mapatano: wakatambuliwa, lakini wakabaki kando, kila rangi na tawi lake. Sheria yake mwenyewe ilisema kwamba skauti ni ndugu wa kila skauti mwingine, lakini hakuitimiza sheria ile hadi mwisho mbele ya wakubwa wa nchi. Ilikuwa mwaka 1977, yeye akiwa kaburini miaka mingi, ndipo matawi yale yakaunganishwa kuwa chama kimoja. Mara nyingi mbegu huwa njema kuliko mkono uliyoipanda.

Mwaka 1937, katika mkutano wa vijana huko Uholanzi, akiwa na miaka 80, akawaaga. Mwaka uliofuata akaja kukaa Nyeri. Nyumba yake ndogo ilijengwa katika uwanja wa hoteli iitwayo Outspan, mali ya mtu aliyekuwa mwandishi wake zamani, Eric Sherbrooke Walker. Akaiita Paxtu. Huko akakaa akichora picha za wanyama na ndege, maana alijua kuchora kwa mikono yote miwili, akaandika barua kwa vijana, akautazama mlima. Tarehe 8 Januari mwaka 1941 akafa, akiwa na miaka 83, akazikwa katika makaburi ya kanisa la Nyeri. Juu ya jiwe la kaburi lake imechorwa duara, na katikati yake nukta moja. Katika alama za njiani wazitumiazo maskauti, alama hiyo maana yake ni kwamba mwenye kuiweka amekwisha kwenda nyumbani. Olave alipokufa mwaka 1977, majivu yake yaliletwa yakawekwa katika kaburi lile lile. Leo maskauti duniani ni zaidi ya milioni 50, na katika Tanzania wamo katika shule nyingi.

Basi, wapendwa, tuseme nini juu ya mtu huyu?

Kwanza, tuseme juu ya imani. Yeye aliwafundisha vijana wamche Mungu, wakafanye kila siku tendo moja jema bila kutaka ujira. Hilo ni zuri, lakini sisi Walutheri imetupasa kuweka neno mahali pake. Tendo jema la kila siku halimfanyi mtu kuwa mwenye haki mbele za Mungu. Twahesabiwa haki kwa neema, kwa njia ya imani, kwa ajili ya Kristo. Mti haufanywi mwema na matunda yake. Ukiwa mwema ndipo huzaa. Kijana akifundishwa matendo bila Injili, atakuwa na majivuno siku afaulupo na kukata tamaa siku ashindwapo. Kwa hiyo kambi ya wanafunzi isiyo na Neno imepungukiwa na kitu kikubwa. Lakini vilevile, imani isiyopewa nafasi ya kumtumikia jirani hubaki maneno ya darasani. Yule Msamaria wa Injili alijua kufunga jeraha, akawa na mafuta na divai tayari. Huruma yake ilikuwa na ujuzi. Kijana wa Kipaimara ajuaye Katekisimo yote, lakini mwenzake akiumwa na nyoka hajui la kufanya, amejifunza nusu.

Pili, tuseme juu ya mtu mwenyewe. Wengine watatuuliza kama ni halali kupokea jema kutoka kwa mtu aliyemuua Uwini. Twajibu kwamba Mungu hakupata kamwe chombo kilicho safi cha kutumia, isipokuwa Mwanawe. Musa alimuua mtu, na Daudi pia. Biblia haikuyaficha mambo hayo, wala haikuzitupa Zaburi. Tufanye vivyo hivyo. Tupokee lililo jema kwa shukrani, na dhambi tuiite dhambi.

Tatu, tuseme juu ya watoto wetu wa Nyasubi na wa Kahama yote. Zamani kijana wa Kisukuma au wa Kinyamwezi hakuhitaji safari ya porini. Machunga yalikuwa shule yake. Alijua mgunga na mninga, alijua majani yapi yamfaa ndama, alijua kurudi nyumbani kwa nyota. Leo mtoto wa mji hajui hayo, na sauti nyingine yamwita: machimbo ya dhahabu, ambako kijana huacha shule apate fedha ya haraka, na mara nyingine hupata kifo chini ya ardhi. Tunao ushuhuda karibu nasi kwamba nchi yaweza kufundisha. Mkoa wa Shinyanga ulikuwa umegeuka kuwa mbuga tupu, miti imekatwa. Tangu mwaka 1986 watu, wakisaidiwa na mpango wa serikali wa kuhifadhi ardhi, walizirudisha ngitili, ile desturi ya wazee ya kuacha sehemu ya malisho ipumzike, hata zikapatikana zaidi ya hekta 300,000. Mwanafunzi akipelekwa kulala kando ya ngitili, akapima miti, akahesabu ndege, akamsikiliza mzee akieleza nani aliweka mpaka na kwa nini watu waliuheshimu, atajifunza jiografia, na baiolojia, na uraia, tena atajua kwamba babu yake hakuwa mjinga.

Kwa hiyo ushauri wetu ni huu. Mzazi asikatae safari kwa kuwa ni safari, wala asiikubali kwa kuwa mwalimu amesema. Aulize: Ni nani aliyekagua mahali? Wako watu wazima wangapi, na je, yuko mama wa kuwaangalia wasichana? Ni nani ajuaye huduma ya kwanza? Mtoto wa maskini ataendaje? Jumapili wakiwa huko, watasali wapi? Mwalimu akiwa na majibu, na tumtie moyo, na usharika uchangie kwa ajili ya wasio na kitu. Akiwa hana, na asubiri hata awe nayo.

Na vijana wetu waendapo, wakalale chini ya mbingu ambazo Mungu amezitandaza, wakumbuke kwamba nyota zile zile zilionwa na Uwini, na Warolong waliopeleka barua usiku, na mzee yule wa Nyeri. Bwana awalinde waendapo, na awarudishe salama kwa mama zao. Amina.